Shuka la Somoe

Daftari la mihutasari ni langu, mwaka wa saba huu.
Lifungue popote: Mwenyekiti alisema.
Ndugu Lipuvali aliunga mkono.
Mwenyekiti akasema tena.
Wanachama mia mbili na kumi na nne wa Kitangari
wamelala humo ndani ya neno moja: walikubali.

Kumbe hawakukubali. Walikuwa wakichokonoa nyuzi
za magunia waliyokalia,
na maneno yao wakayapeleka njiani,
kwenye foleni ya mashine ya kusaga,
kila mahali isipokuwa hapa.

Leo Somoe wa mahesabu kaja na projekta ya kuazima shuleni,
kaning'iniza shuka la kitandani kwake, lenye maua pembeni,
mbele ya korosho za daraja la pili.
Akaandika namba mlangoni kwa chaki:
"Mwenye swali atume hapa. Jina halitokei.
Asiye na simu amnong'oneze mwenye nayo."
Mwenyekiti akacheka: "Huu mkutano au sinema?"

Dakika nne shuka lilibaki jeupe.
Tuliwasikia panya.
Kisha likaja la kwanza, bila salamu, bila nukta:
salfa ya msimu jana iko wapi
La pili:
naomba feni
Tukacheka, na kicheko kikalegeza vidole.
makato ya mia na thelathini ni ya nini
akina mama wa mnyambe tukinyoosha mkono hatuonekani
mwenyekiti fupisha hotuba tumeacha watoto
mzani wa ghala la chini unakula kilo mbili kila gunia

Mwenyekiti akasimama. Kofia akaivua, akaivaa.
"Hili la mzani, nani kaandika?"
Projekta ikavuma. Watu wakazitazama kandambili zao.
Mimi niliitazama kalamu,
na simu yangu mfukoni bado ina joto la kidole.

Umeme ukakatika.
Shuka likarudi kuwa shuka.
Nikajua yamekwisha, nikaanza hata ile herufi ya kwanza, w,
ndipo kutoka upande wa mlango Bi Esha Namkoka,
asiyejua kusoma, ambaye salfa yake
ilipandishwa ukutani na kidole cha mjukuu,
akasema kwa sauti ya kuitia mbuzi:
"Umeme umekwenda, mzani haujaenda. Tujibuni!"

Mwingine akadakia. Na mwingine.
Nikawasha tochi ya simu niandike,
majina yakanigomea: Nangumbu au Nangumbo?
Ikabidi nimuulize mwenyewe.
Miaka saba ananipita njiani na baiskeli yake.

Majibu ya mzani tumeahidiwa Jumanne.
Somoe kakunja shuka lake, kaondoka nalo kwapani.
Nami nimejaza kurasa sita, mwandiko umepinda kwa giza,
isipokuwa mstari mmoja: aliyeuliza la mzani.
Nimeuacha wazi.
Wino upo.