Piko ya Ndani

Jana nilikunywa dawa ya kuharisha, lita nne,
ladha yake sarafu iliyolowekwa kwenye ndimu.
Usiku kucha mimi na choo, choo na mimi,
Siwema akibisha mlango: Mama, u mzima?
Mzima, nikamjibu. Nasuguliwa tu,
kama chungu kinachongoja futari.

Leo niko Bombo, nyuma ya pazia la kijani,
nimelalia ubavu wa kushoto, magoti kifuani,
kanga yangu imebaki kwenye kiti.
Miaka thelathini na mmoja, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
nimewafunua miguu mabibi harusi wa watu,
nikiwaambia: tulia mwanangu, aibu haichori ua.
Leo nimefunuliwa mimi.

Dakta Mhina si msemaji.
Anasukuma mpira wake wenye jicho, kona baada ya kona,
na kwenye kioo naiona njia yangu mwenyewe,
ya waridi, mikunjo mikunjo,
marinda ya gauni la satini ambalo sikulishona.
Kisha, pale.
Kidude. Hakizidi punje ya kungumanga.

Hicho ndicho kinachonitoa damu tangu Rajabu?

Udogo wake ndio taabu, akasema.
Alhamisi Dakta Shekiondo ataingilia tumboni,
na kwa nje utumbo wote ni utumbo.
Siku hizi hupapasa kwa vyuma virefu, si kwa vidole.
Asije akakata pasipo, akaacha penyewe.
Namwachia alama.

Alama ya nini?

Wino. Mweusi. Asili yake masizi.

Nikacheka.
Nesi Mntambo akanishika bega: usicheke bibi,
ukicheka wewe, kule ndani kunatikisika.
Lakini ningefanyaje?
Masizi nimeyajua kabla sijajua kusoma.
Bibi yangu kule Pangani aliyakwangua chini ya sufuria
akanifunza mstari, akanifunza kusubiri.

Usichome kina, nikamwambia daktari.
Ukizidisha utavujia upande wa pili,
na huyo mwenzio ataona weusi kila mahali.

Sindano ikasimama.
Nani kakwambia?

Mkono wangu.

Akatia maji ya chumvi kwanza, kidogo.
Ukuta ukatoa lengelenge.
Ndipo wino ukaingia humo humo,
ukatambaa, ukatulia,
buluu mwanzo, halafu weusi
wa mtaa uliokatiwa umeme.
Chini ya uvimbe, pengo la vidole viwili: nukta.
Akazungusha mpira: nukta.
Ya tatu mkono ulimtetemeka. Niliona,
sikusema. Mchoraji hamwaibishi mchoraji
mbele ya mteja,
japo mteja ni mimi.

Itafutika lini?

Haifutiki.

Hebu fikiri.
Kazi zangu zote zimefutika.
Wiki mbili, tatu ukiwa huoshi vyombo,
na wako wawili watatu ambao ndoa
ilitangulia kufutika, hina ikabaki vidoleni ikishangaa.
Sina hata moja ya kumwonyesha mtu nikasema:
hii niliichora mimi, mwaka ule.
Na huyu, kwa dakika kumi, na mkono wa kutetemeka,
kachora kisichofutika
mahali ambapo hapana shangazi wa kusifia,
hapana vigelegele.

Niliomba picha. Akanichapishia,
karatasi ingali na joto.
Nikaikunja, nikaitia mkobani
kati ya koni za hina na risiti ya bima.

Nyumbani Siwema alitafuta funguo, akaikuta.
Akaigeuza huku, akaigeuza kule.
Umemchora nani huyu, mama?
Mbona nukta tatu tu? Mbona hujamalizia?

Atamalizia mwingine, nikamwambia. Alhamisi.
Sasa nipe uji. Njaa inaniua.