Nusu Ndoo

Mto wetu hapa Handali hauna maji, una mchanga.
Maji yako chini, yamejificha kama mtu mwenye madeni.
Oktoba unachimba mpaka shimo likufike kiunoni,
unaketi na kata yako,
unangoja yachuruzike,
na ukiteka kwa pupa unateka tope.

Mimi huja saa tisa za usiku, kabla foleni haijaamka.
Watu husema, Mama Nyemo ana bidii.
Si bidii. Ni usingizi ulionikimbia
tangu Mbeleje, shemeji yangu, alipouza shamba la zabibu
mume wangu akiwa amelazwa, mpira wa dripu mkononi.
Akauza na nguzo, akauza na nyaya,
akauza hata matawi tuliyokwisha kuyapogoa,
kisha akaja msibani akalia kuliko mimi.

Mimi ndiye kiongozi wa maombi kwa akina mama.
Nina sauti. Nikisema tuombe, hata watoto wanatulia.
Namwombea mchungaji, naiombea mvua, nawaombea walio safarini,
ila tukifika kwenye Sala ya Bwana, pale pa kusamehe,
nakohoa.
Miaka mitatu nakohoa mahali palepale.
Damari, mwenzangu wa benchi, aliniletea asali ya Itigi
akidhani ni kifua.

Mungu hakudhani ni kifua.

Nilifunga siku tatu. Mimi nikakonda, chuki ikanenepa.
Nilimkemea Shetani mpaka koo likakauka,
naye akanisikiliza kwa utulivu,
kama mgeni anayejua chakula kinaiva.
Kumbe niliyeshindana naye hakuwa na pembe:
alikuwa na mikono hii, amejifunga kanga yangu.

Humu shimoni ndimo nilimoacha kuomba vizuri.
Nilipiga magoti kwa sababu ukisimama kata haifiki,
si kwa ibada.
Nikasema: Bwana, namchukia.
Sikuongeza neno. Hapakuwa na amina.
Nikateka tope, nikamwaga.
Kesho yake: namchukia, na nimechoka.
Tope tena.
Sijui ulikuwa usiku wa ngapi niliposema: nimechoka,
nikashtuka kwamba lile neno la kwanza limebaki nyumbani.
Nilirudi nikalikuta kitandani, limelalia mto wangu.
Halikuwa limekufa.

Kisha alfajiri moja akashuka Lechipya, binti wa Mbeleje,
miaka tisa, na ndoo ya rangi isiyo na mpini.
Akasimama mbali. Hakusalimu.
Wamekwisha kumwambia mimi ni nani.
Shimo ni langu, nimelichimba;
desturi iko upande wangu: afikaye nyuma hungoja,
na ndoo zangu zilikuwa tatu, moja tu imejaa.

Ningependa kusema nilisikia sauti.
Nilisikia jogoo mmoja asiyejua saa.
Ningependa kusema moyo uliyeyuka.
Moyo ulikuwa palepale, na hesabu zake zote.
Kilichosogea ni mkono.
Kata ikapita juu ya ndoo yangu, ikaenda kwenye yake,
tena, na tena, naogopa kuhesabu,
mpaka ikafika nusu.
Hapo mkono ukakataa.

Nusu, Bwana. Zaidi ya hapo sikuweza,
na sitakudanganya kwa maneno ya Jumapili.

Akasema, asante mama mkubwa.
Akajitwika, akapanda ukingo, maji yakimrukia begani.

Jumapili iliyofuata nilikohoa tena,
ila nilichelewa.
Maneno mawili yalikuwa yameshapita.

Mchana upepo hulifukia shimo.
Ng'ombe hukanyaga kingo, mchanga huporomoka,
na usiku unakuta kibonde tu,
kama kwamba hapajawahi kuwa na kisima.
Zamani nilikuwa nalia.
Sasa naweka ndoo kando, napiga magoti,
naanza kwa viganja.
Yako chini.
Jana yalikuwepo.