Mizani ya Bi Kumudben

Nilipeleka mizani, sikupeleka roho.
Mvua ya Jinja ilikuwa ikinyesha huku jua likiwaka,
na mizani yangu ya kahawa imeanza kusema uongo,
robo kilo kwa kila gunia. Wakulima wa Buwenge
walishaniita mwizi, kwa sauti ya chini.

Duka liko Barabara Kuu, chini ya jina la marehemu
na mwaka uliochorwa kwa saruji: 1938.
Bi Kumudben aliipasua mizani kifua
kama anayemtoa kuku matumbo.
"Nani?" akauliza, kalamu juu ya risiti.
"Waiswa."
"Hilo nimeshaandika. Nani?"

Nikacheka. Nikamweleza: kwetu Busoga
pacha wa kwanza ni Waiswa, wa pili Tenywa,
kama wengine wasemavyo Kulwa na Doto.
Tenywa alifariki Machi, kitanda cha kumi na nne,
na tangu hapo mimi ni kiatu kimoja mlangoni.
Hakusema pole. Alisema,
"Njoo Alhamisi. Mizani itakuwa tayari.
Wewe, sijui."

Nimekwenda Alhamisi thelathini na moja.

Baba yangu, katekista, anauliza kama nimebadili dini.
Namwambia napeleka mizani.

Kitabu anacho, kimefungwa kitambaa chekundu,
lakini hakifungui. Kati ya mteja na mteja,
bisibisi mkononi, ananihoji.
"Goti bado linauma?" Linauma.
"Nani anajua?" Mimi.
"Basi goti ni kitu unachokijua, kama risiti hii.
Na huzuni?" Naijua hata saa zake za kuingia.
"Basi nayo iko ng'ambo ya kaunta.
Wewe uko upande gani?"

Siku hiyo nilipandwa na hasira.
Mama, nikasema, huzuni si bidhaa.
Yule alilala nami kabla sijawa na ngozi.
Unataka niseme hakuwa kitu?

Akaweka bisibisi chini.
"Mwaka ule tulipofukuzwa
niliondoka na sanduku moja na mtoto mgongoni.
Kila nilichokiita mimi kilibaki hapa:
mlango huu, jiko langu, hata Kiswahili cha sokoni.
Entebbe askari akalipekua sanduku, akatupa picha za harusi,
nami nikawa nalia, na nikaona kwamba nalia.
Aliyeona hakupekuliwa.
Ilinichukua miaka ishirini kumuuliza ni nani.
Sikukatazi kulia, Waiswa. Lia.
Ila chungulia kama anayekijua kilio naye amelowa."

Nachungulia. Mara nyingi naona giza tu,
na mbu.

Juzi akaniuliza: "Jana usiku, usingizi ulipokolea,
Tenywa alikuwa amekufa?"
Usingizini hakukuwa na Tenywa, nikasema.
Hakukuwa na Waiswa pia.
"Na habari hiyo nani amekuja nayo?"
Nikafungua mdomo. Nje, mwendesha boda
alikuwa akipiga honi, akidai nauli yake,
nikatoka kumlipa, na niliporudi
swali lilikuwa limekaa kwenye kiti changu.

Wiki hiyo alinirudishia mizani.
"Kabla ya gunia lolote, irudishe sifuri.
Wafanyabiashara hudhani sifuri ni kukosa.
Ikikosekana hiyo, kilo zote ni uongo."
Hakunitoza. Aliniambia nisimshukuru,
nilete ile nyingine ya ndizi.

Jana Buwenge bibi mmoja aliteremsha kahawa yake,
akanikodolea macho yake yenye ukungu:
"Wewe ndiye Waiswa, au yule mwingine?"

Mshale ulikuwa bado unatetemeka.
Nikaungoja. Nikajikuta namngoja pia anayengoja,
na kwa muda mfupi, mfupi kuliko kupepesa jicho,
hapakuwa na nusu ya kitu chochote.

"Sitini na mbili kamili, bibi," nikasema.
Nikaiandika.