Meza Yenye Kiuno

Alikuja Jumanne, mvua imetoka kupiga,
akasimama mlangoni mwa karakana yangu, Katuba,
kati ya jeneza lisilolipiwa na madawati sita ya shule,
akanionyesha simu: meza ya aluminiamu,
miguu mitatu, inakunjwa kama mwavuli,
dola mia nne Kasumbalesa, ushuru mbali.
"Fundi Mwelwa, utaiweza?"

Nikamuuliza ni ya kuuzia nini.
"Ya kulengea shabaha. Mita mia tatu."
Nikaweka randa chini.
Mji huu, mlio mmoja tu,
na majirani wanaburuta watoto chini ya kitanda.
"Unataka kuua nini, mama?"
"Karatasi," akasema Sidonie Mwange,
mpimaji mstaafu wa mgodi,
aliyechungulia darubini ya kampuni miaka thelathini
kuonyesha wengine pa kuchimba.

Nikasema dola tisini, mbao juu yangu.

Kilufya, mwanafunzi wangu, alitaka miguu minne;
kijana hapendi kitu kinachoonekana kupungukiwa.
Nikamwambia, mama yako anateleka kwa mafiga mangapi?
Minne hugombana na ardhi, mmoja lazima uning'inie.
Mitatu hupatana hata juu ya mizizi.
Basi mninga kwa miguu,
triplai ya milimita kumi na nane kwa uso,
bawaba mbili za mlango uliokufa,
nati za masikio, zifunguke hata kwa vidole vilivyolowa.

Nikaweka bakuli la maji juu yake,
nikapiga ubao ngumi.
Maji yakakunja uso.
Nikatia taruma, nikakaza, nikapiga.
Yakakunja tena, kidogo.
Usiku nilipiga mpaka taa ya jirani ikawaka,
mke wangu akauliza kama nimegombana na meza,
na maji yakaniangalia tu.

Ijumaa akaja. Akakaa. Akaleta bega,
bega la kushoto.

Pengo la mwili nilikuwa nimelikata kwa mtu wa kuume.
Sikumuuliza. Nani huuliza?
Lugha yenyewe ilishanisukuma:
huu mkono wa kuume, wa kulia chakula na kuapia,
na ule mwingine tukauita wa kike, tukauacha hapo.
Hakucheka. Kiwiko chake kilipapasa hewani
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
"Masista walinifunga mkono huu kwa leso," akasema,
"mwaka mzima. Nikajifunza kuandika vibaya kwa huu mwingine."

Nikachukua msumeno mbele yake.
Nikakata upande wa pili vilevile,
meza ikapata kiuno,
na ulimi katikati wa kulaza bunduki.
Kilufya akaenda kuchota maji bila kutumwa.

Jumapili, barabara ya Kipushi, nyuma ya tanuri za matofali.
Wachoma matofali tuliwaarifu; walikaa mbali, wakila mihogo.
Karatasi ilibandikwa mbele ya kichuguu
kirefu kupita nyumba yangu.
Alijaza soksi mbili mchanga, akazipangapanga,
akavuta pumzi, akaitoa nusu.
Nilitazama miguu ya meza, sikutazama kingine.
Risasi tano. Tope jekundu halikuhama.

"Sasa ukae huo upande wako," akasema.
Nikakaa kushoto, penye kosa langu.
Bunduki sikuigusa. Niliweka kiwiko tu,
na ndani ya ubao nikasikia kitu kinagonga, kinagonga,
nikaangalia nati, nikaangalia bawaba.
Ulikuwa moyo wangu.

Tukaenda kuchukua karatasi.
Matundu yote matano kiganja changu kiliyafunika,
kiganja cha vidole vinne na nusu,
lakini chini, na pembeni kidogo.
"Meza haina neno," akasema. "Ni jicho."

Nyuma ya karatasi mchwa walikwishatoka,
kila mmoja na punje yake ya udongo mbichi,
wanaziba.
Hawakupima kitu.
Kilufya alichuchumaa pale hadi tulipomwita mara ya tatu.