Stempu Mbili

Januari. Waterloo, Iowa. Theluji imefika magotini.
Mimi ni Orville Tjaden, tarishi wa njia ya kumi na nne.
Miaka ishirini na sita nimebeba bili, kadi, mialiko ya harusi,
na mara moja barua ya Dale, mtoto wa Verna,
iliyofika siku nne baada ya habari zake.
Siku ile nilikaa garini, injini ikinguruma,
nikatamani tairi lipasuke.

Wiki hii redio haina jingine:
twende, tusiende.
Mji unaoungua una jina
ambalo mtangazaji hulitamka kila asubuhi kwa namna mpya.
Seneta kasema tumwandikie, atasoma.

Verna Hostager huandika kwa penseli,
ili akikosea afute.
Leo hakufuta kitu.
"Mwambie asipeleke mtu," kaniambia mlangoni,
kana kwamba nitakunywa kahawa na Seneta.
"Tulikwenda kuzima moto wa watu.
Ndoo hazikurudi, mtoto hakurudi,
na ile nyumba, Orville, hata leo inafuka moshi.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulikaa miaka. Jembe tulilopewa
lilikuwa la kuchimbia makaburi,
ya kwetu na ya kwao, na ya kwao mengi zaidi,
hilo nalo nimeliandika."

Nyumba ya tatu kutoka hapo, upande wa pili,
Mevlida Karabeg ndiyo kwanza anatoka zamu ya usiku
kiwandani, anakokata nyama asiyoila.
Vidole vyake havikunjuki vizuri hadi saa nne.
Alizaliwa katika mji mdogo kando ya mto Drina.
"Watu husema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.
Sisi nyasi tulilijua hilo.
Tuliyekuwa tukimtazama ni fahali wa tatu,
aliyesimama nyuma ya uzio, akicheua.
Ndege zenu zilipita juu kila siku,
zikitupiga picha. Picha safi sana.
Baada ya miaka nilionyeshwa moja:
uwanja wa mpira, mstari wa vitone vyeusi.
Nikahesabu. Kaka yangu Nedžad alikuwa mrefu,
lakini kutoka juu hakuna mrefu.
Mwandikie waende. Mwandikie wachelewe chochote, ila si hili."

Nikamwambia ameshaandika mwenyewe, iko mkononi mwangu.
Akacheka kidogo. Akakumbuka.

Hawa wawili si maadui.
Jumamosi Mevlida humpelekea Verna pita ya viazi,
imefungwa kwa taulo, ingali moto.
Verna humsafishia theluji mbele ya gereji
kabla hajarudi kazini,
na mgongo wake una miaka sabini na moja.
Jana Verna aliishiwa stempu.
Akavuka barabara kwenda kuomba.
Mevlida akabandua moja kutoka karatasi yake,
akaona jina la aliyeandikiwa,
akajua kilichomo,
akaibandika kwa kidole gumba, akakandamiza pembe zote nne.

Mimi nina mjukuu, Kaylene, miaka kumi na minane.
Juzi alileta nyumbani fomu za jeshi,
akaziweka kando ya mkate.
Nikimsikiliza Verna, nazichana.
Nikimsikiliza Mevlida, mikono inaona aibu.
Nimeianza barua yangu mara tatu:
"Mheshimiwa,"
na hapo mkato, na hapo nasimama kwenda kuchemsha maji.
Ni rahisi kumwambia jitu livuke mto.
Ni rahisi pia kuliambia likae.
Lakini likivuka, linavuka kwa miguu ya nani?
Na likikaa, limekaa juu ya nani?

Jioni nilizitia zote mbili katika gunia moja.
Mizani ya posta haikuona tofauti,
gramu kumi na moja, gramu kumi na moja.
Kesho njia ni ileile.
Verna ataniuliza kama yake imeondoka.
Mevlida hatauliza; atatazama mkoba wangu tu
kama mtu anayetazama angani
akisikia ndege.