Kadi Nne

Semhando alikuja asubuhi, kofia mkononi,
na ndani ya kofia vitu vinne vyekundu
vilivyokunjamana kama vidole vya mtu aliyefua kutwa.
"Bibi mkunga," akasema, "trekta limepasua shimo
kule Ngomeni, kwenye kitalu cha mkonge mpya.
Mama yao hatukumwona.
Na vidiri, unajua, siku hizi tunawahesabu kwa vidole."

Nimezalisha Muheza miaka thelathini na mmoja.
Nimepokea mapacha kwa taa ya chemli,
nimepokea aliyetanguliza miguu.
Sikuwahi kupokea wa gramu kumi na moja.

Mizani niliazima kwa sonara wa sokoni.
Akacheka: "Leo unapima pete gani, Bi Mwanshamba?"
Nikamwambia: pete zenye roho.

Maziwa ya mbuzi, nusu yake maji,
bomba la sindano lisilo sindano,
tone, subiri, tone.
Kila baada ya saa mbili, na usiku haukusamehewa.
Akishiba, pamba yenye uvuguvugu chini ya tumbo,
taratibu, kama ulimi wa mama,
maana kidiri mchanga hajui hata kukojoa
mpaka aguswe na anayemtaka aishi.

Kabatini zilibaki kadi za kliniki, zile za zamani
zenye njia ya kijani ya watoto wanaokua.
Nikatoa nne. Nikaandika:
Wa Kwanza. Wa Pili. Wa Tatu. Kitindamimba.
Penye jina la baba nikapiga mstari.
Penye kijiji: Ngomeni, shimoni.

Kitindamimba siku ya tisa hakupanda.
Ya kumi akashuka.
Ya kumi na moja, kabla ya adhana ya alfajiri,
nilimkuta wa baridi ndani ya kipande cha kanga
kilichobakiwa na neno moja tu: SUBIRA.
Nimewafunga sanda watoto wa watu
na machozi nikayameza, maana mama mtu yupo, anatazama.
Huyu hakuwa na wa kunitazama.
Nikalia nilivyotaka.

Watatu wakafumbua macho.
Kitu cha kwanza walichokiona duniani ni pua yangu.
Wakanijua kwa nyayo, wakapanda mkono hadi begani
kutafuta karanga kwenye fundo la kanga,
na mimi, mwanamke wa miaka sabini na mbili,
nikawa nanunua karanga kila siku kama mchumba.

Ndipo Semhando akarudi na mfuko:
gamba la nyoka, mavi ya nguchiro,
ubawa mmoja wa mwewe.
"Sasa wafundishe kuogopa," akasema.
"Asiyeogopa haoni jioni."

Kazi yangu yote hapa duniani ilikuwa
kumwambia anayeingia akipiga kelele:
usiogope, nipo.
Nikaanza kusoma upya, kinyumenyume.
Nikapitisha ubawa juu ya kizimba, nikagonga sufuria.
Wa Kwanza akakimbia. Wa Tatu akakimbia.
Wa Pili akaja kujificha kwangu.

Arobaini yao ikapita, na nyingine juu yake.
Ukingoni mwa msitu Semhando alikwishachimba mashimo.
Wawili wakaingia bila kuaga, kama inavyopasa.
Wa Pili akasimama kwa miguu miwili,
mikono kifuani,
akanitazama.

Niliokota bonge la udongo.
Kwa mkono huu huu.
Nikalenga karibu naye, si yeye, nikarusha,
akatimka, mkia juu, hakugeuka.

"Vizuri, Bibi," Semhando akasema.
Sikumjibu.

Saa ya mezani bado inalia saa nane usiku.
Sijaizima.
Naamka, nachemsha maji,
nakaa nayo mpaka yapoe.