Jumanne, Juu ya Kituo cha Zimamoto

Puerto Montt mvua haiulizi msimu.
Tunapanda ngazi tukinuka samaki,
mimi, Mirlande, na Wisly anayesinzia hata akisimama,
hadi chumba kilicho juu ya magari mekundu
ambamo Bi Hortensia Barría ametuwashia jiko la mafuta ya taa
na kutuandikia kitenzi.

Ir. Kwenda.
Herufi mbili tu; nikasema leo tutatoka mapema.
Kisha akaanza: voy, vas, va,
na ile ir imekwenda wapi? Haikuacha hata mfupa.
"Ndivyo kilivyo," akasema. "Kinaenda mpaka kinajisahau."

Wakati uliopita: fui.
Mirlande akacheka hadi akashika meza,
maana kwetu Gonaïves fwi ni tunda,
nami nikaliona stafeli la mama, limepasuka, jeupe,
juu ya gazeti la juzi.
Nilienda, akasema mwalimu: fui.
Nilikuwa: fui vilevile.
Kuwa na kwenda wana shati moja,
anayewahi kuamka ndiye alivaaye.

Nikaandika daftarini: Fui profesor.
Akauliza: ulikuwa?
Nikamwambia miaka kumi na mmoja, hesabu, darasa la sita.
Akalitazama daftari kitambo. Hakusahihisha kitu.

Alhamisi, kiwandani, mlango wa chumba cha barafu
ukakutwa wazi, samaki tani mbili wamelegea.
Don Nibaldo akapita na karatasi yake.
¿Fuiste tú?
Nami, kwa furaha ya kulielewa swali zima
bila kulikatakata kwanza,
nikadhani amesikia habari za darasa: ulienda?
Nikajinyoosha. Sí, fui.
Nikaongeza, kwa adabu: señor.

Akaandika.
Mshahara wa siku sita.

Jumanne iliyofuata Bi Hortensia alinisikiliza
koti lake likidondosha maji sakafuni,
akanipa chaki.
Nikaandika: No fui yo.
Si mimi niliyefanya.
Au, kwa shati lile lile: mimi sikwenda.
Wisly akazinduka, akaisoma kwa sauti,
vizuri kutushinda sote.
Chini king'ora kikalia, magari yakatoka,
vioo vikatetemeka,
tukangoja kelele ipite
ndipo turudie.